MIAKA YA JASHO NA HATI YA KURUDI

Ndugu Wanachama,

Katika mitaa yetu ya Kabiro, kutoka Kibera mpaka Kawangware, ziko nyumba nyingi zenye mtu wao ng'ambo. Mmoja yuko Marekani akitunza wazee, wa pili yuko Uingereza akifanya kazi hospitalini, wa tatu yuko Canada akiendesha lori, wa nne yuko Dubai akilinda mlango wa duka. Karo za watoto hulipwa kwa fedha zao, na mabati ya vyumba vingi yamenunuliwa kwa jasho lao. Kwa hiyo jambo linalowapata wao latupata na sisi tuliobaki hapa.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni hili. Mfanya kazi amekaa katika nchi ya watu miaka 10 au 15. Amelipa kodi, hakuvunja sheria, na serikali ya huko imempa haki ya ukaazi wa kudumu. Kisha mama yake huku nyumbani anapatwa na kiharusi. Anakuja kumwuguza. Alikusudia kukaa miezi 3, lakini ugonjwa hauna kalenda. Mara mwaka umekwisha, mara wa pili umeingia. Mama amezikwa, matanga yamekwisha, watoto wa marehemu dada wametafutiwa shule. Sasa mfanya kazi afunga mzigo arudi kazini kwake. Afika uwanja wa ndege wa huko, aambiwa kwamba aliuacha ukaazi wake, wala hana haki ya kuingia. Miaka 15 ya jasho imekwisha mlangoni.

Wako watu wasemao kwamba hiyo ni bahati yake mbaya. Mimi nasema si bahati. Miaka peke yake haimlindi mfanya kazi. Linalomlinda ni karatasi aliyoitayarisha kabla ya kuondoka, pamoja na wenzake wanaoijua haki yake. Na kwa kuwa kutayarisha watu na kusimama nao ndiyo kazi ya chama, chama cha wafanya kazi hakina budi kulishika jambo hili kama kinavyoshika mishahara na likizo.

NENO "KUDUMU" LISITUDANGANYE

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Raia ni mwenye nyumba. Akienda mbali miaka 30, akirudi atafunguliwa mlango. Mwenye ukaazi wa kudumu ni mpangaji mwenye mkataba mrefu. Hafukuzwi ovyo, lakini akifunga chumba akaenda zake bila kusema neno, mwenye nyumba ataweza kudai kwamba amehama. Wa tatu ni mwenye kibali cha kazi tu. Huyo ni mgeni wa tajiri wake. Kazi ikikatika, na kukaa kwake kumekatika.

Ndugu zetu walio katika nchi za Ghuba wengi wao ni wa namna hii ya tatu. Katika Falme za Kiarabu na Qatar, kwa kawaida, mtu akikaa nje zaidi ya miezi 6 hati yake ya kukaa haina nguvu tena. Hata akiwa amefanya kazi huko miaka 20, hesabu ni ile ile. Habari za leo zawahusu zaidi wale wa namna ya pili, wenye ukaazi wa kudumu katika Marekani, Canada na Uingereza, kwa maana wao wana haki ya kweli, na haki ya kweli huweza kulindwa.

MAKHAN SINGH ALIVYOSIMAMA

Chama cha wafanya kazi hakiwezi kulizungumza jambo hili bila kumtaja Makhan Singh, kwa sababu yeye mwenyewe lilimpata hapa hapa Nairobi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913. Alikuja Kenya mwaka 1927, kijana wa miaka 13, kumfuata baba yake. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Labour Trade Union of Kenya, chama kilichofungua mlango kwa wafanya kazi wa kila rangi. Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Mwaka 1940 serikali ya Waingereza ilimkamata huko bila kumhukumu, ikamweka kizuizini, kisha ikamfungia kijijini mpaka mwaka 1945. Aliporudi Kenya ilikuwa Agosti 1947. Alikuwa amekaa mbali karibu miaka 8.

Serikali ya kikoloni ikaona nafasi yake. Ikasema huyu si mtu wa kukaa hapa tena, ikamtaka aondoke. Yeye hakukubali. Alisema hapa ndipo kwake, akasimama mahakamani, wala serikali haikuweza kumtoa nchini. Tarehe 1 Mei 1949 akawa Katibu Mkuu wa East African Trade Unions Congress, na Bwana Fred Kubai akiwa Rais. Mei 1950 walimkamata tena. Hata safari hii hawakumpeleka India. Walimfungia huko kaskazini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, mpaka Oktoba 1961.

Twajifunza nini? Kama Makhan Singh angalitii kimya kimya mwaka 1947, akapanda meli akarudi Bombay, historia ya vyama vyetu ingalikuwa nyingine. Hakwenda kwa sababu alijua tofauti iliyopo kati ya mtu aliyezuiwa na mtu aliyehama. Mtu aliyezuiwa hakuacha kwake. Maneno hayo mawili, kuzuiwa na kuhama, ndiyo kiini cha kesi zote za namna hii, tangu siku zile mpaka leo.

BAHARIA NA SEREMALA

Sasa tuvuke bahari, tuone mambo mawili yaliyotokea Marekani. Yote mawili yaliamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1953, na yote mawili ni habari za wafanya kazi.

La kwanza ni la baharia. Jina lake Kwong Hai Chew, Mchina mwenye ukaazi wa kudumu, mwenye mke na nyumba New York. Novemba 1950 aliajiriwa katika meli ya Kimarekani, akaenda Mashariki ya Mbali. Kabla ya safari alikaguliwa na wakubwa wa pwani, wakampa ruhusa ya kusafiri. Meli iliporudi Machi 1951 alizuiwa asiingie, akafungwa katika kisiwa cha Ellis bila kuelezwa kosa lake. Tarehe 9 Februari 1953 Mahakama ilisema kwamba mtu huyu ni mkaazi, safari yake ilikuwa ya kazi na ya ruhusa, kwa hiyo ana haki ya kuambiwa mashtaka yake na kusikilizwa.

La pili ni la seremala. Jina lake Ignatz Mezei. Alikaa Buffalo, jimbo la New York, miaka 25, akitengeneza makabati. Mwaka 1948 alisikia mama yake yu mahututi huko Romania, akaondoka kwenda kumwona. Romania walimkatalia kuingia. Akakwama Hungary miezi 19, kwa maana hata ruhusa ya kutoka ilikuwa taabu kuipata. Aliporudi New York, Februari 1950, alikataliwa kuingia, naye akafungwa kisiwa kile kile cha Ellis. Nchi nyingine alizojaribu kwenda zilimkataa, hata akawa hana pa kutoka wala pa kuingia. Tarehe 16 Machi 1953, wiki 5 tu baada ya kesi ya baharia, Mahakama ilimnyima haki ya kusikilizwa, majaji 5 dhidi ya 4. Sababu moja waliyoitaja ni kwamba seremala yule aliondoka bila idhini na bila hati za kurudi, akakaa miezi 19. Aliachiliwa Agosti 1954.

Ni kweli kwamba miaka ile ilikuwa ya hofu kubwa ya ukomunisti, na serikali ilidai kwamba Mezei ni mtu wa hatari bila kuonyesha ushahidi mbele yake. Hofu hiyo ilitia sumu katika kesi. Lakini tazameni: yule aliyekaa miaka 25 ndiye aliyeshindwa, na aliyekaa miaka michache ndiye aliyeshinda. Seremala alikuwa na miaka. Baharia alikuwa na karatasi. Tena aliyekwenda kumwona mama yake anayekufa ndiye aliyefungiwa mlango.

Mwaka 1982, katika kesi ya mama mmoja aitwaye Maria Plasencia, Mahakama hiyo hiyo ilisema tena kwamba mkaazi anayerudi baada ya safari fupi ana haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Haki hiyo ipo. Mwenye kuidai ndiye huipata.

SHERIA ZILIVYO SIKU HIZI

Katika vituo vya matatu na katika vinyozi vyetu kuna maneno mengi juu ya kadi ya kijani ya Marekani. Wengi waliipata kwa ile bahati nasibu ya viza iliyoanza kutoa nafasi zake mwaka 1995. Wako wasemao, "Kadi imeandikwa miaka 10, basi niko salama miaka 10." Hilo si kweli. Miaka 10 ni umri wa kadi, kama kitambulisho kinavyochakaa kikabadilishwa. Kadi yaweza kuwa mpya na haki ikawa imekwisha.

Wako wengine wasemao, "Ukiingia mara moja kila mwaka, hata kwa siku 2, yatosha." Hilo nalo si kweli. Kule Marekani afisa wa uhamiaji haangalii siku peke yake. Auliza: ulikwenda kwa sababu gani, safari yako ilikuwa na mwisho uliojulikana, na nyumba yako, kazi yako na jamaa zako wako wapi? Anayeishi Nairobi na kuitembelea Marekani siku 2 amejionyesha mwenyewe kwamba kwake ni Nairobi.

Hata hivyo siku zina uzito wake. Ukizidisha siku 180 nje, afisa aweza kukuhoji kama mtu anayeomba kuingia upya. Ukizidisha mwaka 1, kadi peke yake haitoshi kukuingiza. Kwa hiyo iko hati ya kurudi. Huombwa kwa fomu I-131, nayo lazima iombwe wakati mwombaji yuko Marekani kwa mwili wake, kabla hajapanda ndege. Ikitolewa hudumu mpaka miaka 2. Aliye nayo hawezi kuambiwa ameacha ukaazi kwa sababu ya urefu wa safari tu. Ndiyo karatasi ambayo seremala wa Buffalo hakuwa nayo.

Na aliyekwisha kukaa nje zaidi ya mwaka bila hati hiyo? Mlango haujafungwa kabisa. Aweza kwenda katika ubalozi wa Marekani, kwa hapa ni ule wa Gigiri, akaomba viza ya mkaazi anayerudi. Lakini lazima athibitishe mambo matatu: kwamba alipoondoka alikuwa mkaazi halali, kwamba hakuacha nia ya kurudi, na kwamba alichelewa kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake. Kwa mfano, tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa kwa sababu ya Korona, na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Aliyekwama siku zile na akatunza tikiti yake ya zamani alikuwa na neno la kusema. Aliyeitupa tikiti alikuwa na mdomo mtupu.

Canada hesabu yake ni wazi zaidi. Mkaazi wa kudumu atakiwa awe amekaa ndani ya nchi siku 730 katika kila miaka 5, wala si lazima ziwe mfululizo. Siku alizokaa nje pamoja na mume au mke aliye raia wa Canada zaweza kuhesabiwa, na kadhalika siku alizotumwa nje na tajiri wa Kikanada. Siku zikipunguka, mtu haondolewi papo hapo. Aweza kueleza sababu za kibinadamu, kama ugonjwa wa mzazi au hali ya watoto, na akikataliwa ana siku 60 za kukata rufani.

Uingereza ni kali kwa namna nyingine. Mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo akikaa nje miaka 2 mfululizo, haki hiyo hukatika yenyewe, bila barua wala onyo. Baada ya hapo itampasa aombe akiwa nje, aonyeshe kwamba bado ana mizizi huko na kwamba arudi kukaa. Tena msisahau mambo ya Windrush yaliyofichuka mwaka 2018. Watu wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wamekaa Uingereza tangu kabla ya mwaka 1973 waliachishwa kazi, wakanyimwa matibabu, na baadhi yao wakafukuzwa nchini, kwa sababu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha haki ambayo sheria yenyewe iliwapa. Wengine walikwenda kuwatazama wazazi wao wakakatazwa kurudi. Walikuwa na haki, walikuwa na miaka 40 ya kazi. Hawakuwa na hati mkononi.

WANAOSEMA "AKAE KWAO"

Ndugu mmoja ataniuliza: kama mtu ataka kukaa Kenya, na akae Kenya. Kwa nini ashike nafasi ya nchi asiyoishi?

Swali hilo lina haki yake. Nchi itoayo ukaazi yataka wakaazi, haitaki watu wa kuweka kadi sandukuni. Aliyerudi nyumbani kwa moyo wake, akafungua duka, akaoa, akajenga, wala hana nia ya kurudi, huyo hakunyang'anywa kitu. Amechagua, na uchaguzi wake ni wa heshima.

Lakini mimi nawasemea wale wasiochagua. Mtu aliyekuja kumwuguza mama yake hakuhama. Tena tazameni namna sheria ya siku inavyopima watu. Tajiri mwenye ukaazi aweza kupanda ndege kila miezi 3, akaenda, akarudi, na siku zake zikawa safi. Mfanya kazi wa kufagia hospitali aweka akiba miaka 2 au 3 apate nauli ya kuja mara moja. Akija, ana kilio cha miaka yote cha kulia. Sheria ya siku yasema yahesabu siku, lakini kwa kweli yahesabu nauli. Canada imekwisha kukubali kwamba sababu za kibinadamu zina uzito. Hakuna sababu ya nchi nyingine kushindwa kukubali kwamba kuuguza mzazi ni safari yenye mwisho, nao mwisho wake haumo katika mikono ya mtoto.

Hata hivyo sheria ya kesho haitamwingiza mtu leo. Mpaka ibadilike, yatupasa tujilinde kwa hii iliyopo.

YA KUFANYA

Nayaandika kwa ufupi, ili mwenye ndugu ng'ambo ayakate ayapeleke.

1. Kabla ya kuondoka huko, omba hati ya kurudi kama nchi yako inayo. Usingoje mpaka ufike Nairobi.

2. Pata barua kwa tajiri wako isemayo kwamba umepewa likizo na kwamba kazi yakungoja. Kama una chama cha wafanya kazi huko, chama kisaidie kuipata.

3. Usifunge akaunti ya benki, wala usiache anwani yako. Kama huwezi kulipa chumba, weka vitu vyako kwa ndugu, na uwe na karatasi ya kuonyesha.

4. Endelea kupeleka hesabu za kodi kama mkaazi. Kule Marekani, ajiandikaye kwamba si mkaazi ili apunguziwe kodi amejitilia sahihi dhidi yake mwenyewe.

5. Ukiwa hapa, tunza kila karatasi: barua ya daktari yenye tarehe, risiti za hospitali, kibali cha mazishi, cheti cha kifo, tikiti uliyoiahirisha. Ziweke pamoja katika mfuko usioingia maji.

6. Ukifika mlangoni ukahojiwa, sema kweli, sema kwa ufupi. Kule Marekani ukipewa fomu I-407, jua kwamba ni fomu ya kuacha ukaazi kwa hiari. Hakuna sheria inayokulazimisha kuitia sahihi. Waweza kuikataa na kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na huko serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliacha.

7. Usimpe fedha yako mtu wa mtaani ajidaiye kuwa "anajua watu ubalozini". Sheria hizi hubadilika mara kwa mara. Mwulize wakili aliyeandikishwa, na umwulize kabla ya safari.

NJIA ILIYO SALAMA KULIKO ZOTE

Karatasi nzuri kuliko zote ni uraia. Zamani wafanya kazi wengi waliuogopa kwa sababu nzuri. Katiba yetu ya zamani ilimnyima mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akichukua wa huko alipoteza wa hapa. Kwa hiyo mtu alikaa na kadi ya ukaazi miaka 30, akihofia kuwa mgeni kwao.

Hofu hiyo imekwisha kuondolewa. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani aweza kuomba arudishiwe. Sheria ya mwaka 2011 yamtaka aarifu serikali ndani ya miezi 3 baada ya kupata uraia wa pili, na Katiba yawakataza maofisa wa Dola kushika uraia wa nchi mbili. Wafanya kazi kama sisi hatumo katika katazo hilo.

Basi mwenye kadi ya Marekani aliyetimiza miaka 5, na katika hiyo akawa ndani ya nchi miezi 30, na asikatishe ukaazi wake kwa safari ndefu, asikae tu. Aombe. Akiwa raia atamwuguza mama yake miaka 4 na hakuna afisa atakayemhesabia siku.

KIBERA YENYEWE NI SHAHIDI

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya watu wa ndege tu. Kibera yenyewe ni shahidi. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la King's African Rifles, waliwekwa hapa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 eneo lao lilipimwa likawa eka 4,197. Hawakupewa hati. Walihesabiwa kuwa wakaa kwa hisani. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa, na bado kijana wa Kinubi akienda kuchukua kitambulisho aliulizwa maswali ambayo jirani yake hakuulizwa. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto hao. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ardhi, eka 288. Karibu miaka 100 kutoka kupimwa mpaka hati, na eka nyingi zilikuwa zimekwenda.

Watazameni pia Wamakonde, waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Pwani. Walikaa vizazi bila uraia. Mwaka 2016 walikusanyika, wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, ndipo ilipoamriwa waandikishwe. Mmoja mmoja walikuwa wameomba miaka mingi, pamoja walisikilizwa.

Na jirani zetu wa Kawangware waliotoka Uganda, Tanzania na Kongo nao wana swali hili hili. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, ulioanza kazi Julai 2010, unampa mfanya kazi nafasi ya kuvuka mpaka, lakini habari ya ukaazi wa kudumu imeachiwa kila nchi na sheria zake. Tukidai haki kwa ndugu zetu walio Chicago, hatuwezi kumcheka Mganda anayehangaikia hati yake hapa kwetu.

NALIOMBA CHAMA

Kwa hayo yote naleta maombi matatu mbele ya wanachama.

La kwanza, kila tawi liwe na mkutano mmoja kila miezi 3, wakili aalikwe, na jamaa za walio ng'ambo waje na maswali yao. Mwenye ndugu asimame kwa niaba yake.

La pili, viongozi wetu waandikie COTU ili jambo hili liingizwe katika mazungumzo ya mikataba ya kazi ambayo serikali yetu hufanya na nchi nyingine: mfanya kazi aliyerudi kuuguza mzazi au kuzika asihesabiwe kwamba amehama.

La tatu, kila mwanachama anayekwenda ng'ambo apewe barua ya kumtambulisha kwa chama cha kazi yake huko aendako. Ajiunge mara moja. Baharia asiye na mwenzake bandarini hufungwa kisiwani bila mtu kujua.

Mwajiri huandika siku ulizofanya kazi ili akulipe kwa hizo. Nasi tuandike siku zetu wenyewe, tuzitunze, tuzitetee. Haki ya kukaa ni mshahara wa miaka, na mshahara haupotezwi kwa sababu mtu alikwenda kumzika mama yake.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mwanachama wa Kabiro